Panya Anazaa Tu

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mjini)

Nawaona wanafunzi wangu wa zamani kule nyuma wanachekeana. Wanajua nitaanza na California. Mada yetu leo ni namna ya kumtumia panya kupima kama dawa inaharibu uzazi wa wanaume; na naam, naanza na California.

Mwaka 1977, wanaume wa kiwanda kilichoshughulika na DBCP, dawa ya kuua minyoo ya mizizini, walianza kuulizana: mbona sisi hatupati watoto? Hakuanza daktari, walianza wao, katika soga za kazini. Walipopimwa, wengine hawakukutwa na mbegu ya kiume hata moja. Sasa nisikilizeni. Mwaka 1961, miaka 16 kabla, ilishachapishwa kwamba panya waliovuta hewa yenye dawa hiyo walisinyaa korodani. Panya alisema! Watu ndio waliotia pamba masikioni.

Halafu kijana ananiletea rasimu: “Mwalimu, dawa hii ya shambani haina neno, panya wangu wamezaa.” Wamezaa! Panya anazaa tu, mwanangu. Mbegu zake zinaweza kupungua zikabaki kumi katika mia, na jike akashika mimba vilevile. Mwanaume hana akiba hiyo. Ukihesabu vitoto peke yake umejidanganya. Pima korodani kwenye mizani, hesabu mbegu, zitazame zinavyoogelea. Tena usimpe dawa wiki moja ukakimbilia kumpasua: kwa panya wa aina ile ndogo mbegu huchukua kama siku 35 kutengenezwa, kwa mtu miezi miwili na ushee. Ulichokipasua ni haraka yako.

Najua yupo mzee anayesema moyoni, “Panya wa nini, na sokwe tunao hapo Gombe?” Shikamoo babu. Kwanza, wale wanalindwa, hawaguswi. Pili, sokwe jike hupandwa na madume wengi, kwa hiyo dume lazima ashindane kwa wingi wa mbegu, na korodani zake zinazipita za mtu kwa mbali. Ukimlinganisha na mzee wa Ujiji, utamwonea mzee.

Lipo na suala la sentrioli, kile kijichombo kinachosaidia seli kugawanyika: kwa mtu huletwa kwenye yai na mbegu ya baba, kwa panya sivyo. Ukitaka kuchunguza kasoro za sentrioli ya baba, mtafute ng’ombe au sungura. Napita.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kumzungumzia Grady, kima aliyezaliwa Marekani mwaka 2018 kutokana na tishu ya korodani changa iliyogandishwa, maana hapo ndipo lilipo tumaini la wavulana wanaotibiwa saratani kwa dawa zinazoweza kuua uzazi wao. Basi, mwenye hamu anifuate kwenye chai.