Enzaimu haijachoka, tumeiua sisi: mhadhara wa Moshi kuhusu lipezi na mafuta ya alizeti

Haya jamani, mlioko nyuma sogeeni, viti vipo. Enzaimu ni nini sianzi huko, mlishasoma, na aliyesahau akumbuke kimea cha ulezi kwenye mbege. Mama anaotesha ulezi, anaanika, anasaga, anatia kwenye ndizi zilizopikwa, na vimeng'enya, yaani enzaimu, vya kile kimea vinakatakata wanga unakuwa sukari. Sasa niambieni, mbege ikishaiva kuna mtu amewahi kukitoa kimea akakitumia tena wiki ijayo? Hakuna, kimeshanyweka!

Kwa mbege sawa, ulezi tunao. Ila lipezi, enzaimu inayoshughulika na mafuta, tunayoagiza nje kwa ajili ya kugeuza mafuta ya alizeti kuwa epoksidi, yaani mafuta yenye vipete vidogo vya oksijeni, ni ya bei mbaya, ukiiacha iyeyuke ikaondoka na mzigo umekwisha. Ndo maana inafungwa. Hii maarufu, lipezi B ya kuvu anayeitwa Candida antarctica, inanatishwa kwenye vipunje vya resini, aina ya plastiki, ambavyo hata milimita 1 havifiki, inauzwa kwa jina la Novozym 435. Ukimaliza kazi unachuja, unaosha, unarudisha kazini.

Na hapa ndipo nawaomba mnisikilize maana nimelisema hili kila ninapoitwa: lipezi yenyewe haigusi zile dabo bondi za alizeti, pale kaboni mbili ziliposhikana kwa kifungo maradufu. Haigusi kabisa! Inachofanya ni kuchukua asidi ya mafuta pamoja na peroksaidi ya haidrojeni na kutengeneza perasidi, asidi iliyobebeshwa oksijeni ya ziada, afu perasidi ndo inapeleka oksijeni kwenye dabo bondi, ikishaitua inarudi kuwa asidi ya kawaida na kubebeshwa tena. Habari ya perasidi kutoa epoksidi Prilezhaev aliionyesha tangu 1909, si mpya. Kwa hiyo adui wa lipezi yako ni yule yule unayemhitaji, peroksaidi. Ikizidi, na joto likapanda, protini inaharibika.

Kuna kijana mmoja niliyemsimamia, mchapakazi kweli, sitamtaja. Kaandaa mafuta yake vizuri, kapima vipunje vizuri, ikafika saa tisa anataka kuwahi daladala ya Himo, akamimina peroksaidi ya asilimia 30 yote kwa mkupuo, akaondoka. Ile riaksheni inatoa joto yenyewe jamani, hata heta ukizima. Kesho yake anapima namba ya aidini, ile inayoonyesha dabo bondi zilizobaki, imeshuka kidogo ikagoma, akaniandikia kabisa kwenye ripoti kwamba enzaimu tuliyoletewa ni feki. Nikamwambia kaa hapa. Tukachukua vipunje vingine kutoka kopo lile lile, mafuta yale yale, peroksaidi ile ile kiasi kile kile, ila safari hii tone kwa tone, masaa matano, kipimajoto ndani, hatukuruhusu ivuke nyuzi 50. Riaksheni ikaenda mpaka mwisho. Vile vipunje vya kwanza tukaviosha tukavijaribu tena, vimekufa. Kopo moja! Sasa feki iko wapi? Iliniuma sana, maana ule mzigo ulisubiriwa miezi.

Najua kuna anayewaza, mbona tunaambiwa iliyofungwa ni imara? Ni imara, ndugu yangu, kuliko ikiwa huru, lakini kufungwa kunaizuia isipotee na kunaisaidia kushika umbo lake, si kinga ya kila unachoimwagia.

Na mwingine atasema asidi ya salfuriki ni rahisi, viwanda vinaitumia na asidi ya fomiki au asetiki, mambo yanaenda. Yanaenda ndiyo. Ila asidi kali hiyo hiyo inafungua pete za epoksidi ulizozihangaikia, inakula matenki, afu unabaki na maji machafu ya kuosha na kuzimua, na sisi hapa maji yetu yanashuka kwenye mifereji ya watu wanaomwagilia migomba. Hiyo gharama mbona haiandikwi kwenye bajeti? Wanaotaka epoksidi hii ya kulainisha plastiki za PVC wanataka pete nzima, si zilizopasuka.

Muda naona unanikimbia, mengine haraka haraka. Msitumie ile sumaku ya kukorogea inayozunguka chini ya chupa, inasaga vipunje vinakuwa unga na kichujio kinaziba, tumieni sheka, mashine ya kutikisa, au vipangeni kwenye kolamu, yaani bomba la kusimama, mafuta yapite. Mkitumia mafuta yenyewe badala ya asidi zake, ongezeni asidi ya mafuta huru kidogo, bila hiyo perasidi itaanza kwa kusuasua. Sabuni msioshee kabisa, lipezi imeshikilia resini kwa kunata tu, itabanduka. Na kila raundi mpime, mwandike, mjue nguvu imeshuka lini.

La kolamu nilitaka kulichora ubaoni ila chai imeshafika. Wenye mashine za kukamua alizeti mnaokuja kesho asubuhi, leteni nusu lita kila mmoja, isiyochanganywa na mafuta mengine, tuanze na kupima namba ya aidini.