Blarney: namna ya kulitamka na kulitumia

Karibu tena darasani. Leo tuna neno moja tu la Kiingereza, blarney, nami nalipenda kwa sababu Kiswahili tunaye pacha wake.

Kwanza sauti. Sema nami: BLAA-ni. Mkazo uko mwanzoni, na ile "ey" isome "i" fupi. Usiseme "blanei". Haya, mara tatu kwa sauti.

Sasa tazama picha. Hii ni ngome ya Blarney, karibu na Cork, Ayalandi, iliyojengwa mwaka 1446. Juu kabisa ukutani kuna jiwe. Husemwa kuwa ukilibusu unapata ulimi mtamu. Si kazi ndogo: unalala chali, unashika vyuma viwili, unashusha kichwa nyuma hadi midomo iguse jiwe, huku mhudumu amekushikilia usidondoke. Wenyeji husimulia kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza aliitaka ngome hiyo. Kila akidai, mwenye ngome alimjibu kwa sifa tele na ahadi, ngome asitoe. Malkia akachoka, akasema hayo yote ni Blarney.

Shika hapo. Blarney ni sifa za uongo zenye ucheshi, zinazosemwa ili mtu apate jambo au aliahirishe. Ndicho kilemba cha ukoka. Fundi cherehani akikwambia, "Mama, gauni lako simpi kijana alishike, shepu hiyo inataka mkono wangu mwenyewe, njoo kesho," na jana pia alisema kesho, hiyo ni blarney kamili. Wewe unajua, na bado unacheka. Kujikomba kwa bosi ni kitu kingine. Hakuna kicheko pale.

Tuje kwenye sentensi, na hapa wengi huteleza. Neno hili halihesabiki, kwa hiyo usiandike "a blarney" wala "blarneys". Sema, "Don't give me that blarney," yaani usinivike kilemba cha ukoka. Likiwa kitenzi, ni kurairai: "He blarneyed me into staying," alinirairai mpaka nikabaki.

Tafadhali, usimrushie neno hili mtu wa Ayalandi usiyemzoea. Anaweza kusikia unawabeza watu wa kwao wote.

Sasa simamisha video. Yule fundi amesema "kesho" kwa mara ya tatu. Mjibu kwa Kiingereza, sentensi moja, uniandikie hapo chini nikusahihishie.