Mzigo Ulishuka, Wewe Unapanda: Baiskeli Katika Milima ya Migodi ya Sardinia

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kunialika tena. Waliowahi kunisikia wataniwia radhi, maana nitarudia yaleyale. Nayarudia kwa sababu watu bado wanakwenda Sardinia na giya za mashindano, na wakirudi wanalaumu joto.

Nazungumzia pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa hicho cha Italia, Sulcis na Iglesiente. Historia yake mnaijua, na asiyeijua atasoma mwenyewe: risasi, zinki, fedha, makaa ya mawe, Carbonia, mji uliojengwa kwa ajili ya makaa na kuzinduliwa Desemba 1938, Montevecchio, mgodi uliofungwa 1991. Leo nataka tusome jambo moja tu katika magofu hayo. Barabara nyingi za huko zilichongwa ili mawe yashuke kutoka mlimani hadi baharini. Aliyepanda alikuwa mtu mikono mitupu, au nyumbu, au behewa tupu. Sasa wewe unaipita njia ileile kinyume, na mabegi manne kwenye keria.

Tazameni Porto Flavia, pale Masua, ukutani mwa jabali linaloelekea kisiwa cha Pan di Zucchero. Zamani wachukuzi walibeba mawe ya madini kwa vikapu mabegani mpaka kwenye mashua za tanga, mashua zikavuka hadi Carloforte, bandari ya kisiwa jirani, ndipo mzigo ukapakiwa melini. Mhandisi Cesare Vecelli akamaliza shida hiyo mwaka 1924. Alitoboa mahandaki mawili ndani ya jabali, moja juu ya jingine, yenye urefu wa mita 600 hivi. Kati yake akachimba maghala tisa ya wima, yenye uwezo wa tani 10,000 kwa jumla. Treni ya umeme iliingia handaki la juu na kumwaga mawe ghalani. Chini maghala yalifunguliwa, mawe yakaangukia mkanda unaotembea, mkanda ukayatoa mdomoni mwa jabali, na mkono wa chuma ukayashusha moja kwa moja ndani ya meli. Bandari akaipa jina la binti yake.

Angalieni kilichofanya kazi hapo: uzito wa jiwe wenyewe. Nendeni Nebida mkaone Laveria Lamarmora ya mwaka 1897, kiwanda cha kuoshea madini kilichojengwa kwa ngazi kwenye mteremko juu ya bahari. Mawe yaliingia juu, yakaoshwa na kuchambuliwa yakishuka ngazi hadi ngazi. Nendeni Naracauli, chini ya kijiji cha mgodi cha Ingurtosu, mtakuta mtindo huohuo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kusoma nchi hii, na hakuna programu ya ramani itakayowaambia: mkiona magofu yaliyopangwa kwa ngazi, jueni hapo kimo kinapotea katika umbali mfupi sana, na barabara iliyo jirani itawadai kimo hicho kwa umbali mfupi vilevile.

Kanuni ya pili ni ya reli. Gari moshi la mgodi lilishindwa mlima mkali. Mwinuko wa asilimia tatu, yaani mita tatu juu kwa kila mita mia, ulikuwa tayari kazi ngumu. Mahali reli ilipopita, wewe utapita ukipiga mluzi. Reli ya Montevecchio kwenda San Gavino ilikuwa hivyo, na njia za Sulcis zilizofungwa mwaka 1974, ambazo sehemu zake zimegeuzwa kuwa njia za baiskeli, ziko hivyo pia. Tatizo ni kwamba reli iliishia kiwandani. Kutoka hapo hadi mdomo wa mgodi ilikuwa kamba, nyumbu na miguu, na huko ndiko picha nzuri zinakopigwa.

Haya, hesabu. Chukueni baiskeli, mtu, mabegi na maji: kilo 105 kwa pamoja, na hapo mtu mwenyewe si mnene. Baiskeli ina meno 34 mbele na 34 nyuma, giya ambayo muuzaji atakuapia kwamba ni ya mlimani. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja, nawe unasogea mita 2.2. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, mwendo wa chini ambao magoti hayalalamiki, unakwenda karibu kilomita 8 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 mwendo huo unadai wati 240 hivi. Dakika tano, sawa. Kupanda kutoka Masua kwenda Acquaresi, ambako asilimia 10 ni pa kupumulia, hapana.

Sasa wekeni meno 26 mbele na 36 nyuma. Mizunguko ileile 60, mlima uleule: mwendo karibu kilomita 5.7 kwa saa, nguvu wati 175. Mnapoteza kilomita mbili kwa saa, mnabakiwa na wati 65. Ukiwa na meno 22 mbele unashuka hadi wati 150, lakini mwendo unakuwa chini ya kilomita 5 kwa saa, na hapo wengine huanza kuyumba. Kwa mizigo kamili mimi nasema uwiano, yaani meno ya mbele ukiyagawa kwa ya nyuma, uwe 0.7 au chini yake kidogo. Anayekuja na 1.0 atasukuma.

Najua mzee mmoja hapa atasema: babu zetu walipanda Uluguru kwa Foniksi isiyo na giya hata moja, na gunia la mkaa nyuma. Mzee wangu, mkaa ulikuwa unashuka! Muuza mkaa hupanda akiwa mtupu, tena akiikokota baiskeli, halafu hushuka na magunia mjini. Yule ni mtu wa Porto Flavia kabisa. Wewe ndiye unayepandisha gunia.

Na kuna anayesema: nitasimama juu ya pedali. Kwenye lami, simama. Kwenye changarawe ya mgodi ukisimama uzito unahama gurudumu la nyuma, tairi linateleza, mguu unashuka chini, na kuanza tena katikati ya mlima na mizigo ni mtihani mwingine. Lazima ukae kitini, na anayekaa kitini anahitaji giya ndogo. Ndiyo maana silegezi.

Kubadilisha si gharama kubwa, ila kuna mitego. Krenki ya barabarani ambayo duara la bolti zake lina kipenyo cha milimita 110 haipokei meno chini ya 33. Ukitaka 26 unabadilisha krenki nzima. Ukiongeza meno nyuma, hakikisha kibadilisha giya cha nyuma kinahimili jino kubwa hilo, kisha pima mnyororo upya: uzungushe kwenye meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kibadilisha giya, ongeza pingili mbili, kata. Mnyororo mfupi ukibadilisha kwa bahati mbaya kwenda kubwa-kubwa unang'oa kila kitu.

Kisha kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kibadilisha giya kwenye fremu. Hupinda ndani ya ndege au basi, na hupinda kidogo tu, huoni. Unagundua mlimani, unapoomba giya ndogo kuliko zote na kibadilisha giya kinaingia kwenye spoki. Kabla ya kupanda popote, inua gurudumu la nyuma, weka giya ndogo, zungusha, uangalie nafasi iliyobaki. Ikiwa ndogo, skrubu yenye herufi L ndiyo inayokizuia kibadilisha giya. Beba kipande cha akiba cha fremu yako hasa; cha jirani hakitaingia.

Kushuka nako kuna madai yake. Kilo zile 105 zinateremka Masua, na kila kimo ulichopanda kinageuka joto kwenye breki. Usishikilie breki mfululizo kama mtu aliyeshika kuku. Acha iende, bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, ipoe. Kama unabana rimu, joto hilo linaweza kupasua tyubu. Kama ni diski, ng'oa pedi kabla ya safari upime: unene wa nyenzo ukikaribia nusu milimita, tupa.

Tairi: milimita 40 hadi 45, presha ya baa 2.5 hadi 3 kwa mzigo huo. Vifusi vya mgodi vina mawe yenye makali, na pembeni mwa barabara mbigili zipo, mbigili hizihizi za kwetu. Asiyetumia tyubu aweke dawa ya kuziba mpya, mililita 60 kwa tairi au zaidi, maana ya mwaka jana imeshakauka.

Sasa maji, na hapa naomba simu mziweke chini. Vijito vya huko vinavyotoka migodini msivinywe. Kile kinachoshuka kuelekea matuta ya mchanga ya Piscinas kina rangi nyekundu ambayo watu wanaipiga picha. Rangi ni chuma, lakini wasichokiona ni zinki na kadimiamu vilivyoyeyuka humo. Mtu ananiambia ana kichujio. Kichujio cha nyuzi kinakamata bakteria; metali iliyoyeyuka inapita kama inapita kwake. Mwingine atachemsha. Ukichemsha, maji yanapungua na metali inabaki palepale, yaani umeifanya kali zaidi. Jazeni maji mijini: Iglesias, Fluminimaggiore, Buggerru, Arbus. Kati ya mji na mji hesabu lita moja kwa saa wakati wa joto, na juu yake lita moja ya tahadhari.

Vumbi pia. Lundo jekundu la mgodi wa Monteponi si mahali pa kupiga hema wala kulia mkate. Nawa mikono kabla ya kula, na mdomo wa chupa, unaorushiwa tope na gurudumu la mbele, uufunike. Mashimo ya zamani hayana uzio wote. Njia ikiisha, nawe ishia hapo.

Mnanionyesha saa. Basi haraka.

Mapumziko ya mchana: wakati wa joto usiendeshe kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja. Maduka mengi yamefungwa hata hivyo, kwa hiyo mkate nunua asubuhi. Anayeona ni uvivu akumbuke Buggerru, tarehe 4 Septemba 1904. Mgomo ule ulianza baada ya wakubwa wa mgodi wa Malfidano kupunguza saa moja ya mapumziko ya mchana joto likiwa bado kali. Askari walifyatua risasi, watatu wakafa, na mwezi uleule Italia ikaona mgomo mkuu wake wa kwanza. Watu waliojua kazi na jua waliiona saa hiyo ina thamani hiyo.

Msimu: Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Upepo wa maestrale unatoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo pwani ipiteni kutoka kaskazini kwenda kusini. Kutoka Ingurtosu hadi Piscinas ni udongo na changarawe, na huko pwani barabara inavuka kijito bila daraja; mvua ikinyesha milimani rudini juu. Anayechoka ana barabara ya SS126, lami, na mlima wa Genna Bogai wenye kimo cha mita 550 hivi kati ya Iglesias na Fluminimaggiore, mlima wa kistaarabu. Njia ya Cammino Minerario di Santa Barbara, kilomita 500 hivi, ni hasa ya watembea kwa miguu. Vipande vyake kadhaa mtabeba baiskeli badala ya baiskeli kuwabeba.

Sheria: nje ya mji, kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla halijachomoza, na ndani ya mahandaki saa zote, fulana ya kuakisi mwanga ni lazima. Porto Flavia huingii bila mwongozaji, kwa hiyo wekeni nafasi mapema. Uwanja wa ndege wa Cagliari una kituo cha treni; mnapanda kuelekea Iglesias, mara nyingine mnabadilisha Decimomannu, na ulizeni kwanza kama baiskeli inakatiwa tiketi yake. Nilitaka kusema juu ya spoki, lakini spoki na keria zitasubiri siku nyingine. Maswali, na swali la giya naliruhusu moja tu.