Pishi Tano za Mchele: Kuridhika, Shamba na Jirani katika Utao

Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kuja.

Mada niliyopewa ni jinsi moyo unavyotulia mtu akiishi karibu na maumbile, akilima, tena akiwa ndani ya jamii inayofuata Utao, yale mafundisho ya kale ya China. Nina wasiwasi na mada hii, na ni afadhali niuseme mapema. Siamini kwamba miti na mito humpa mtu kuridhika. Hewa safi itampa usingizi mzuri usiku wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo ataanza kuhesabu kasoro za paa, kisha ataanza kutazama shamba la jirani kama ni kubwa kuliko lake. Anayehamia shambani na tamaa zake atazikuta zimetangulia, zinamsubiri mlangoni.

Watao wa kale walilijua hilo. Kwa hiyo walipozungumzia kuridhika hawakuanza na uzuri wa milima. Walianza na kipimo: kinachotosha ni kiasi gani, na nani anapima?

Tazameni Tao Te Ching, kitabu chenye sura fupi 81 kinachonasibishwa na Laozi, mhenga wa kale wa Utao. Sura ya 46 inasema kwamba nchi ikishika Njia, ndiyo maana ya neno Tao, farasi wa mbio hurudishwa mashambani na samadi yao ikarutubisha udongo; nchi ikiiacha Njia, farasi wa vita huzalia mipakani. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, inasema hakuna balaa kubwa kuliko kutojua kwamba umetosheka. Samadi, vita na tamaa katika mkupuo mmoja! Kwa Laozi, ukitaka kujua kama watu wameridhika, usiwaulize wanajisikiaje. Nenda ukaangalie farasi wao wako wapi.

Wengi wenu mnaipenda zaidi sura ya 80, ile ya nchi ndogo yenye watu wachache, ambako mtu husikia majogoo na mbwa wa nchi ya jirani, akazeeka hadi kufa bila kwenda kuitembelea. Wanaoisoma haraka huona ufukara. Lakini nchi ile ina mashua na mikokoteni, ina hata silaha. Vipo, ila havitumiki, kwa sababu chakula cha nyumbani ni kitamu kwao na nguo zao wanazipenda. Aliyenyimwa mashua na aliye nayo ila hana haja ya kuondoka ni watu wawili tofauti, nami namfikiria huyu wa pili.

Tuyaache maandishi sasa, twende kwa watu waliojaribu. Mwaka 142, katika eneo la Sichuan, Zhang Daoling alianzisha jumuiya iliyokuja kuitwa ya Mabwana wa Mbinguni. Watu wa nje waliiita Njia ya Pishi Tano za Mchele, kwa kuwa ndicho kiasi alichotoa kila aliyejiunga. Mjukuu wake, Zhang Lu, aliitawala Hanzhong kwa zaidi ya miaka 20 mpaka alipojisalimisha kwa mbabe wa vita Cao Cao mwaka 215. Huko barabarani zilijengwa nyumba za wasafiri, zikawekwa mchele na nyama. Msafiri hakulipa. Alikula kadiri ya njaa yake, na aliyezidisha aliambiwa kwamba mizimu itampa maradhi.

Mtacheka hapo, na mnayo haki. Lakini fikirini kazi iliyokuwa inafanyika. Kila msafiri aliyeingia alilazimika kujiuliza, peke yake, bila askari mlangoni: njaa yangu ni kiasi gani hasa? Mimi sijaona shule ya kuridhika iliyo bora kuliko ile. Na adhabu zao zilikuwa za namna hiyohiyo: mwenye kosa dogo alitengeneza hatua 100 za barabara, na wahalifu walisamehewa mara tatu kabla ya kuadhibiwa. Majira ya kuchipua na ya joto, kuchinja kulipigwa marufuku, kwa kuwa ndiyo miezi ya viumbe kukua. Baadaye zikaja amri 180 za wasimamizi wao, na kadhaa kati yake zinahusu ardhi moja kwa moja: usikate miti bila sababu, usitie sumu majini, usikaushe mabwawa, usiwafukue wakati wa baridi wanyama waliojificha ardhini. Kuyapenda maumbile, kwao, kulikuwa na sheria na kulikuwa na mtu wa kukuuliza.

Pishi tano zinajitokeza tena karne kadhaa baadaye, kwa Tao Yuanming, mshairi aliyefariki mwaka 427. Mwaka 405 alikuwa hakimu mtawala wa wilaya ya Pengze, cheo alichokikalia kwa siku zipatazo 80 tu. Historia inasimulia kwamba alipoambiwa avae rasmi akampokee mkaguzi, alikataa kuinamisha kiuno kwa ajili ya pishi tano za mchele, yaani mshahara wake, akaacha kazi. Yeye mwenyewe aliandika sababu nyingine, msiba wa dada yake. Naziamini zote mbili. Mtu haachi kazi kwa sababu moja.

Akarudi kulima karibu na mlima Lushan. Ushairi wake unasifiwa kwa utulivu, lakini usomeni kwa jicho la mkulima. Alipanda maharage chini ya mlima, magugu yakastawi, maharage yakawa machache. Anatoka alfajiri kupalilia, anarudi na jembe begani usiku wa mbalamwezi, nguo zimelowa umande. Mwaka 408 nyumba yake iliungua. Na kuna shairi ambamo njaa inamsukuma kutoka, hajui aendako, anabisha mlango wa mtu na maneno yanamkwama. Mwenye nyumba anaelewa bila kuambiwa, anampa chakula, wanakaa wakizungumza na kunywa hadi jioni. Hili ndilo shairi lake ninalolirudia zaidi. Aliyeridhika alilala njaa. Kilichomwokoa hakikuwa mandhari ya Lushan.

Kuna neno la Watao linalowapoteza watu wengi shambani: kutotenda, yaani kutoyalazimisha mambo. Wavivu hulipenda. Mkulima Mjapani, Masanobu Fukuoka, aliyeishi 1913 hadi 2008, hakuwa kuhani wa Utao, ila kilimo chake kilikuwa karibu sana na Laozi. Aliacha ukaguzi wa mimea Yokohama, akarudi kwao kisiwani Shikoku, akaiacha michungwa ya baba yake ikue yenyewe bila kupogolewa. Matawi yakasongamana, wadudu wakaingia, miti ikafa. Alichojifunza ni kwamba mti uliokwisha kupogolewa ukitelekezwa haurudi kwenye asili yake. Baadaye alivuna mpunga na shayiri bila kulima kwa plau wala kutia kemikali, lakini kwa kutawanya mabua na mbegu kwa wakati wake hasa. Kutotenda kwake kulihitaji macho makali.

Kwa upande mwingine kuna yule mzee wa kisa cha Zhuangzi, kitabu kingine cha kale cha Watao, aliyemwagilia bustani kwa mtungi na kukataa chombo cha kuinulia maji, akihofia kwamba mwenye mashine hupata moyo wa mashine. Wapenda mashamba humnukuu sana. Husahau kwamba humo humo kwenye kisa, Confucius, mwalimu mashuhuri wa China ya kale, anamkosoa kuwa anajua moja, hajui la pili. Na mgongo wake, uliobeba mtungi, mzee hakuuzungumzia.

Mara nyingi huletewa mipango ya kuanzisha jamii za namna hii. Swali langu huwa ni nani atashika ufunguo wa ghala, na mgonjwa aliyeshindwa kulima msimu mzima atakula nini. Wenye jibu huwa nakaa nao, hata kama hawajamsikia Laozi. Wanaonionyesha kwanza mahali pa kutazamia machweo huwa nawaomba waende wakapalilie kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni maswali, na nyinyi mliotikisa vichwa nilipomgusa mzee wa mtungi, anzeni.