Maalim na Daftari Lake: Maisha Marefu ya Mwalimu Mmoja wa Wete

Waheshimiwa walimu, wazee wetu, akina mama na vijana mliohudhuria, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimetakiwa nizungumze juu ya maisha ya Maalim wetu, ambaye karibu kila mtu mzima aliyemo ukumbini humu ama alisoma kwake ama alisomesha pamoja naye. Familia yake imeniomba nisilitaje jina lake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa hapendi kutajwatajwa, nami nimelikubali ombi hilo bila ya taabu, maana hapa Wete, mji wetu wa Pemba, ukisema Maalim na usiongeze neno, watu wa rika letu wanamjua anayekusudiwa. Wengi wakimsifu huhesabu madarasa yaliyojengwa katika zama zake. Mimi naona madarasa yalikuja baadaye, kama matunda ya kazi nyengine iliyotangulia: kuwazoesha watu wa mji huu kuendesha mambo yao kwa maandishi ya wazi, yanayosomwa mbele ya kila aliyetoa chake.

Alizaliwa baina ya vita vikuu viwili, katika Pemba iliyokuwa ikiishi kwa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo. Alianza chuoni, yaani kwa mwalimu wa Qur'ani, kwenye mkeka, kama watoto wote, na skuli ya Serikali aliingia akiwa ameshahitimu Qur'ani. Wazee wa wakati ule walikuwa na shaka na skuli hizo. Waliogopa kwamba mtoto atatolewa chuoni na kurudi hajui dini wala hajui kazi ya shamba. Shaka hiyo ilianza kupungua pale Qur'ani ilipopewa nafasi katika ratiba ya skuli, na nadhani Maalim alijifunza hapo jambo alilolifuata maisha yake yote, kwamba huwezi kumsomesha mtu kwa kumtaka kwanza akitupe alichokuja nacho.

Mafunzo ya ualimu aliyapata Unguja, akarudi Pemba kwa meli na sanduku la mbao lililojaa karatasi. Miongoni mwa karatasi hizo zilikuwamo nakala za Mazungumzo ya Walimu, jarida la walimu wa Zanzibar lililoanza kutoka mwaka 1927, na nakala hizo aliendelea kuzisoma mpaka kurasa zikawa za kahawia. Niliwahi kumuuliza kwa nini hazitupi. Alinijibu kwa kunipa moja nikaisome.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye daftari la mahudhurio, kwa sababu hapo ndipo ninapomwona Maalim vizuri zaidi. Mnajua msimu wa karafuu unavyoutikisa mji huu. Mikarafuu ikizaa sana, watoto huwafuata wazee wao mashambani, na wasiopanda juu ya miti hubaki chini kuokota na kuchambua. Kanuni ilimtaka mwalimu aandike kwamba mtoto hayupo. Maalim alikuwa akiandika herufi K ndogo, kwa wino mwekundu, mbele ya jina la kila mtoto aliyekwenda karafuuni, na jioni huwasha karabai akawasomesha watoto hao darasani baada ya sala ya Isha. Walikuja na vidole vimebadilika rangi, madaftari yao yakinuka karafuu, na baadhi yao walisinzia. Mkaguzi mmoja aliikuta herufi hiyo na kutaka kujua ni utaratibu wa nani. Maalim akamfungulia ukurasa wa mwisho, ambako kila K ilikuwa imeandikiwa somo lililofidiwa jioni na tarehe yake. Sijui mkaguzi aliandika nini katika ripoti yake, lakini herufi K iliendelea kuandikwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na hasa baada ya Septemba 23 ya mwaka ule, elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo, madarasa yalifurika katika wakati ambao walimu wengi walikuwa wameondoka nchini. Maalim alisomesha asubuhi na mchana, na vijana waliotoka kumaliza masomo yao jana aliwasimamisha mbele ya ubao leo, yeye akiwa amekaa nyuma ya darasa akiandika makosa yao ili awaambie faraghani. Kuna walimu wastaafu humu ndani ambao walianza kazi kwa mtindo huo. Wataueleza vizuri kuliko mimi, kwa hivyo nitaupita.

Jambo nisiloweza kulipita ni kisomo cha watu wazima. Wanawake wengi waliokuja kisomoni walihesabiwa kuwa hawajui kusoma wala kuandika, na hesabu hiyo haikuwa ya haki. Walikuwa wakisoma Qur'ani tangu utotoni, na wengine waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua kwa waume zao waliokwenda Mombasa au Tanga, na orodha za vyombo vya harusi. Wasichokijua kilikuwa herufi za Kirumi. Siku moja bibi mmoja aliletewa karatasi ya michango na wino wa kidole gumba. Akaisukuma ile kopo ya wino, akaomba kalamu, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mwandiko mzuri kuliko wa karani aliyeileta. Karani alikataa. Maalim akaichukua karatasi, akaandika kwa mkono wake pembeni kwamba mama huyu ametia saini, akaweka na jina lake chini. Kuanzia siku ile, katika kamati zote alizoziongoza, saini ya herufi za Kiarabu ilikuwa saini. Mimi naamini kwamba darasa lake la kisomo lilijaa kwa sababu ya karatasi ile.

Watu waliwahi kumfuata agombee. Kwa visiwa hivi lisingekuwa jambo la ajabu: Mzee Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa pili wa Zanzibar kuanzia 1972, alikuwa mwalimu, na Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, hapa jirani yetu, alisomesha kabla ya kuingia katika uongozi, na jina la ualimu likabaki naye mpaka alipofariki Februari 2021. Maalim wetu alikataa kila mara. Wapo waliosema ni woga. Mimi nakataa, na ushahidi wangu ni miaka iliyofuata uchaguzi wa 1995.

Miaka ile hamhitaji kusimuliwa. Watu walisusiana maduka, wakasusiana harusi, ikafika pahala pa kususiana mazishi. Maalim alikuwa mwenyekiti wa kamati ya skuli, kazi isiyo na mshahara wala posho, na kamati hiyo ilikuwa na wajumbe wa pande zote mbili, CCM na CUF, ambao nje ya kikao walikuwa hawasalimiani. Daftari la michango lilikuwa na safu nne tu: tarehe, jina, kiasi, na kazi iliyofanyiwa fedha hizo. Kila baada ya sala ya Ijumaa alilisoma kwa sauti, jina baada ya jina, kwa mpangilio wa waliotangulia kutoa, tajiri akimfuata muuza samaki. Mtu aliyetaka kujua chama cha mchangiaji alikuwa hana pa kupatafuta katika daftari lile. Kwa utaratibu huo wananchi waliinua kuta mpaka usawa wa linta, ndipo Serikali ikaombwa kuezeka. Hata baada ya Januari 27, 2001, siku ambayo maandamano yalizimwa kwa risasi na damu ikamwagika kisiwani humu na baadhi ya jamaa zetu wakakimbilia Shimoni, Kenya, kikao cha kamati kiliitishwa. Wajumbe waliokuja walikuwa wachache. Wasiokuja waliandikwa kuwa na udhuru, na hakuna aliyeandikwa kuwa amesusa.

Ilipofika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yeye alikuwa mzee wa kushikwa mkono. Alipanga foleni kama watu wengine na akakataa kupishwa.

Haitakuwa uaminifu nikisimama hapa nikamfanya malaika. Bakora yake ilikuwa nzito, na wapo humu wanaoijua kwa alama. Na pamoja na yote niliyoyasema juu ya saini ya yule bibi, ilimchukua miaka mingi sana kukubali kwamba mwanamke akae ndani ya kamati badala ya kuichangia tu kutoka nje. Alipokubali, aliyeshika hazina alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na hesabu za kipindi chake ndizo safi kuliko zote nilizozikagua, zikiwamo za Maalim mwenyewe.

Limebaki suala la madaftari. Yamo sandukuni, na mchwa wameshaanza pembeni. Wapo wanaoshauri yapelekwe Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, ambako yatahifadhika kitaalamu. Rai yangu ni kwamba zipelekwe nakala, na asili zibaki Wete, kwa sababu waliomo ndani yake, au watoto wao, wako hapa na wana haki ya kuyafungua bila ya kupanda meli. Familia imeleta matatu leo, yapo juu ya meza ile karibu na mlango. Ninaomba yashikwe kwa mikono mikavu, na atakayeliona jina la mzazi wake amwambie katibu, ili tuanze kutengeneza orodha kabla hatujaondoka.