Jinsi ya Kubandua Picha za Safari za Zamani Kwenye Albamu Bila Kuziharibu

Karibuni tena, karibuni sana. Leo mezani nina mzigo wa maana: albamu ya familia moja ya Marekani, safari zao kuanzia miaka ya 1900 hivi. Wajukuu wanataka kila picha iskaniwe. Kazi hizi mimi hata bila malipo nafanya, ila msiwaambie.

Nawa mikono, kausha, futa meza, chai weka mbali. Twende.

Kwanza, kabla hujabandua chochote, piga picha kila ukurasa kwa simu ukiwa vilevile ulivyo. Nani aliwekwa karibu na nani, maneno gani yameandikwa kwa wino mweupe kwenye karatasi nyeusi, hayo yote ni ushahidi. Dogo, shusha kamera, unawaonyesha dari. Haya, hapo hapo.

Picha zilizoshikwa kwa kona za karatasi zinachomoka zenyewe, hizo sizipotezei muda. Kazi iko kwenye zilizogundishwa. Hapa chukua uzi wa kusafishia meno, ule usio na nta. Mimi nauza kifurushi chenye uzi, glavu na bahasha zisizo na asidi, lakini kwa uzi peke yake, wa dukani unatosha, sitawadanganya. Upitishe nyuma ya kona ya juu, lala nao sambamba na ukurasa, vuta kulia, vuta kushoto, polepole. Mkono wa mwenzako uwe juu ya picha, umelala bapa.

Sasa sikilizeni. USIINUE KONA YA PICHA. Kinachokunjwa ni ukurasa, picha inabaki imelala. Taswira yenyewe iko kwenye utando mwembamba wa jelatini juu ya karatasi, na utando wa miaka mia moja umekauka. Ukiupinda unapasuka, unabaki mstari mweupe, mara nyingi usoni kwa mtu. Na usilete mvuke wala mashine ya kukaushia nywele, jelatini ikipata unyevu na joto inalainika na kunata. Uzi ukikataa, acha. Skani picha pamoja na ukurasa wake, hakuna aliyekufa. Karatasi nyeusi ikibaki mgongoni, iache ibaki.

Nimesema usiinue kona? Basi nasema tena, maana najua kuna mtu hapo ameshaishika.

Hii imetoka. Tazameni! Huyu mama na kofia yake, nyuma gari la farasi limejaa watu, na chini wameandika Yellowstone, ile hifadhi ya taifa ya Marekani. Magari ya injini yaliruhusiwa kuingia kule Agosti 1915, na kufikia msimu wa 1917 magari ya farasi ya kubeba watalii yalikuwa yamepisha mabasi. Kwa hiyo picha hii ni ya kabla ya hapo. Mnaona inavyokwenda? Ukipata bendera ya Marekani, hesabu nyota kwa lenzi ya kukuzia: 45 hadi mwaka 1908, 46 hadi 1912, kisha 48. Namba za gari nazo, majimbo mengi yaliandika mwaka palepale kwenye kibao.

Lakini hii ya gari likipita katikati ya mti, pale Wawona, Yosemite, msifurahi mapema. Mti ule ulitobolewa mwaka 1881 ukaanguka 1969, wenyewe haukuambii kitu. Angalia gari.

Sogea, dogo. Sogea! Kivuli chako kimefunika Grand Canyon yote.

Hii ndiyo niipendayo: watu wamepanda baghala wanajiandaa kushuka korongoni. Picha za namna hii ndugu wawili, Ellsworth na Emery Kolb, walizifanyia biashara pale juu ya njia ya Bright Angel. Watalii walipigwa picha asubuhi wakishuka, wakirudi wanakuta picha tayari. Tena miaka ya mwanzo maji ya kusafishia hayakuwepo juu, Emery alikuwa anakimbia mpaka Indian Garden, kama kilomita 7 chini, anasafisha, anapanda nazo tena. Mimi ngazi za ghorofa ya pili zinanishinda.

Skana sasa. Kwa picha kubwa nukta 600 kwa inchi zinatosha. Hizi ndogo za mraba, sentimita 6 hivi, ndizo za Brownie, kamera ya Kodak iliyotoka mwaka 1900 kwa dola moja. Hizo piga 1200. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Picha iliyojikunja usiikandamize na kifuniko, hadithi ni ileile ya jelatini. Iweke wazi, ipige kwa kamera kutokea juu.

Mgongoni andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hapana.

Zilizo za kadi ya posta zigeuze kabla ya kuziweka kwenye bahasha. Mgongo uliogawanywa kwa mstari katikati, upande wa ujumbe na upande wa anwani, Marekani uliruhusiwa kuanzia Machi 1907. Hii haina mstari, ina maana kadi yenyewe huenda ni... eh, betri inawaka nyekundu. Dogo, chaja iko wapi? Haya, migongo ya kadi tutaimalizia video ijayo, na hiyo kona uliyoishika, iachie.