Jirani akija kuomba dume wako, usimjibu siku hiyohiyo

Haya jamani tukae, siti za mbele zipo. Mliokuja mwaka jana mnajua nitasema nini na nitasema tena, kwa sababu mpaka wiki hii bado mtu ananipigia simu saa mbili usiku, dokta, dume wangu ana mwaka na miezi miwili, jirani ana mbwa jike wa German Shepherd yuko kwenye joto, nimpeleke leo? Leo! Jike kaanza kuvuja damu wiki iliyopita, siku zinakimbia, kwa hiyo mimi niamue kwenye simu jambo ambalo lilitaka mwaka mzima wa kujiandaa.

Na kinachoniuma zaidi ni hii kauli, "mimi nina dume bwana, hasara yangu nini?" Mwenye jike anajua atabeba mimba siku 63, atalea watoto 7 au 8, atanunua chakula, atachanja. Mwenye dume anajiona yuko salama, anasubiri mtoto mmoja wa malipo. Sasa hesabu. Jike anaingia joto kama mara mbili kwa mwaka, akizaa sana ni mara hizo. Dume anaweza kupanda majike wangapi kwa mwaka huohuo? Ubovu wa kurithi ukiwa kwa jike unatoka kwa matone. Ukiwa kwa dume ni bomba limepasuka.

Kuna baba mmoja hapa Dar, jina naliacha, mtu mwema na anapenda mbwa kweli. Alikuwa na dume mkubwa, manyoya meusi mgongoni, mgongo umeshuka vile watu wanavyopenda, kila anayepita getini anasimama. Akiwa na mwaka na miezi minne akapelekwa kwa jike wa kwanza, kufika miaka miwili ameshapanda majike wanne. Watoto 23. Tegeta, Mbezi, Kigamboni, wengine walifika mpaka Morogoro. Siku moja yule baba ananiambia dokta, siku hizi huyu akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, na asubuhi anachelewa kuinuka. Nikamwambia mlete. Tukampa dawa ya usingizi, tukamlaza chali, miguu imenyooshwa, tukapiga eksirei ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa hakikai kwenye kikombe chake, kimening'inia nje, na mfupa umeshaanza kuota vichomozo. Yule baba akaitazama ile picha muda mrefu, hakuniuliza dawa. Aliniuliza, "na wale watoto?" Akachukua simu kuanza kuwapigia waliochukua watoto, wa kwanza akamwambia asante sana mzee, wangu ni jike na ameshazaa.

Ameshazaa. Mnanielewa? Kizazi cha pili kipo mtaani kabla babu yao hajapigwa picha hata moja.

Najua mtu atasema lakini dokta alikuwa anatembea vizuri. Ndiyo, alikuwa anatembea vizuri! Ndiyo maana napiga kelele. Nyonga mbovu haionekani kwa macho kwa mbwa mdogo mwenye misuli, na siyo jeni moja useme utaiona kwa baba au mama, ni jeni nyingi kwa pamoja, halafu kumnenepesha mtoto akiwa anakua kunazidisha. Marekani shirika lao la OFA, linalokagua mbwa kwa magonjwa ya kurithi, halitoi cheti cha nyonga mpaka mbwa atimize miezi 24. Sisi miezi 14 tumeshapokea mtoto wa malipo.

Mwingine atasema mbona mbwa wetu wa kienyeji wanapandana wenyewe na wako imara. Kweli kabisa, kwa sababu aliye dhaifu hakuishi akazaa. German Shepherd siyo hivyo, huyu alitengenezwa na mtu, Max von Stephanitz, Ujerumani, mwaka 1899, kwa kuanzia na dume mmoja aliyeitwa Horand. Ukoo umefungwa, damu inazungukana humohumo, kwa hiyo anayechagua ni wewe, usipochagua hakuna mwingine wa kuchagua.

Na hili la kwamba dume asipopanda anaugua au anakuwa mkali, liacheni. Hakuna ugonjwa huo. Akishaonja ndo mtaona anavyoruka ukuta na kukojolea kila nguzo.

Naonyeshwa saa, naharakisha. Korodani ziwe mbili, zimeshuka zote, iliyobaki tumboni inarithishwa na inaweza kugeuka kansa. Dume anayeng'ata watoto wa nyumbani asipandishwe hata awe na umbo gani, tabia nayo inarithiwa. Halafu kuna ule uvimbe wa sehemu za siri, mbwa anadondosha damu mnadhani ni mkojo mchafu, ile ni kansa inayohama kwa kupandana, seli zenyewe zinahamia mbwa mwingine zinaota, kwa hiyo jike akaguliwe kabla, na dume pia. Inatibika, sindano kila wiki kwa wiki kadhaa, ila siyo bei ya soda. Brusela, ugonjwa wa bakteria unaoambukizwa kwa kupandana, mpimeni damu. Chanjo ya kichaa cha mbwa sisemi, hiyo ni lazima kwa kila mbwa.

Na wakishanasana, tafadhali, msiwamwagie maji, msiwapige, watoto wasirushe mawe. Wanaweza kukaa hivyo nusu saa, wataachana wenyewe, mkiwavuta mtawachana.

La makubaliano ya maandishi sitalifikia leo. Kaka wa shati la bluu, mkono wako uko juu tangu nianze, dume wako ana miezi mingapi?